Saa Yangu ya Kutoka Italia

Nimewauzia watu saa kwa miaka sita sasa, na wengi wao niliwadharau kabla hawajamaliza kufungua pochi. Sijivunii jambo hilo. Lakini nikianza kwa kusema kwamba niliwapenda wateja wangu wote, kila kitakachofuata kitakuwa uongo, na uongo ndio hasa ninaotaka kuusimulia.

Kazi inayonilisha si ya saa. Ninafanya kazi katika hospitali moja upande wa Maplewood, hapa Minnesota, Marekani, kwenye chumba cha chini ambako vyombo vya upasuaji huletwa vikiwa na damu na kurudishwa juu vikiwa safi. Madaktari hawatujui. Wanatukumbuka siku mkasi unapokosekana. Nikitoka huko naendesha gari mpaka Brooklyn Park, navua viatu, nakaa kwenye meza ya chakula ambayo kwa miaka mingi hatujailia chakula, na natengeneza saa.

Saa zenyewe ziko hivi. Nachukua ubao mwembamba wa mti mweupe, naukata duara, kisha najenga juu yake vipande kumi na viwili vinavyolaliana kama magamba ya samaki. Nyuma ya kila kipande naweka taa za LED, zile ndogondogo za utepe, zinazoweza kutoa rangi yoyote. Hakuna mishale wala tarakimu. Kipande kinachong'aa kuliko vingine ndicho saa, na rangi inayotambaa kutoka hapo kuzunguka duara ndizo dakika. Rangi nazo hubadilika kadiri siku inavyokwenda: asubuhi urujuani hafifu, adhuhuri manjano yaliyoiva, jioni damu ya mzee. Mtu akiizoea kwa siku mbili anasoma muda kutoka upande wa pili wa chumba bila kufikiri. Tatizo ni kwamba watu wengi hawataki kuzoea kitu chochote kwa siku mbili.

Wakati wa kiangazi nilikuwa nakodi kibanda kwenye maonyesho ya kazi za mikono, mara nyingi Maple Grove, katika uwanja wa kuegesha magari ulio nje ya maduka. Huko ndiko nilikoijua dharau vizuri. Watu walikuja wameshika limau ya barafu mkono mmoja na kamba ya mbwa mkono wa pili. Wa kwanza anauliza kama inafanya kazi bila umeme. Wa pili anapiga picha, halafu anamwambia mwenzake, mbele yangu, kwamba ataitafuta mtandaoni ya bei nafuu. Wa tatu anainamisha kichwa, analainisha sauti kama aliyeingia msibani, anauliza mchoro huu ni wa kabila gani.

Mama mmoja mzungu alinibana sana kuhusu hilo la kabila. Alitaka kujua vipande vile kumi na viwili vina maana gani kwa watu wangu. Nikamwambia ukweli: wazo nililipata kazini, kwenye vile vikulabu vya chuma vya kupanulia tumbo la mgonjwa, tunavyovipanga kwenye sinia kimoja juu ya kingine. Aliirudisha saa mezani taratibu, akajifuta vidole kwenye sketi, akaenda kibanda cha sabuni.

Kwa hiyo siku yule mzee alipofika nilikuwa tayari nimechoka na binadamu.

Alikuwa Mkenya wa miaka sitini na kitu, mwenye nyumba kadhaa za kutunzia wagonjwa, amevaa kofia ya gofu. Baadaye nilikuja kujua kwamba hachezi gofu. Aliyesimama kwanza kibandani pangu hakuwa yeye, alikuwa mkewe, mama mrefu mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Alisimama mbele ya saa ya katikati bila kusema neno mpaka rangi ikasogea, akaiona ikisogea, akatabasamu peke yake. Ni watu wachache sana wanaongoja kiasi hicho. Kisha mumewe akafika na kusimama mbele yake.

Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Fine," akanijibu. "Hii kitu inafanya nini?"

"Ni saa, mzee."

"Inaonyesha time wapi?"

Nikamweleza. Hakusikiliza. Alikuwa anaupima ukuta wake kichwani, nilimwona machoni. "Unaweza kunitengenezea ingine big? Sitting room yangu iko na ceiling juu sana. Nataka mtu akiingia, ashtuke."

Nikasema naweza. Mkewe akasema kwa sauti ndogo, "Iwe na rangi hizihizi," na huo ndio ushauri pekee wa maana nilioupata katika kazi ile yote.

Kwa maana mzee alinipigia simu kila wiki. Mara aliota ramani ya Afrika katikati. Nikakataa. Mara alitaka herufi za jina lake ziwake saa sita mchana. Nikakataa.

"Basi weka simba," akasema.

"Simba wa nini, mzee?"

"Si hii ni art ya Africa?"

"Hii ni saa."

Alicheka akadhani namtania. Nikaitengeneza kama nilivyotaka, upana wake kimo cha mtoto wa darasa la tatu, na vipande nilivikata kwenye karakana moja ya kukodi huko Minneapolis kwa sababu jirani yangu wa chini alikwisha kuandika barua mbili kulalamikia msumeno. Ilinichukua kiangazi chote kilichobaki. Kila kiungo cha waya nilikilehemu kwa mkono, na nilipoiwasha mara ya kwanza, imeegemea ukuta wa chumba cha kulala, mume wangu alikuja na sahani yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, akala chakula chote akiitazama. Mume wangu ni mpakiaji wa ghala, si mtu wa kusifia. Alisema, "Hii nzuri," akaenda kuosha sahani.

Mwezi wa tisa tukaipeleka Maple Grove. Nyumba ilikuwa ya rangi ya majivu, na sebule yake ina mwangwi kama ukumbi wa shule. Tuliitundika sote wawili juu ya ngazi mbili. Nilipotaka kuiunganisha na wifi ya nyumba ili ijirekebishe muda yenyewe, mzee akasimama mbele ya ngazi.

"Hapana. Hapo mtu anaweza kuingia akanichungulia."

"Atachungulia nini, mzee?"

"Affairs zangu."

Basi nikamwekea kitufe kwa nyuma, nikamweleza kwamba muda ukibadilishwa lazima ishushwe na kitufe kibonyezwe. Alinipungia mkono kama anafukuza nzi. Mkewe ndiye aliyekuja karibu, akaangalia kitufe kilipo, akaitikia kwa kichwa.

Katikati ya mwezi wa kumi wakafanya maombi ya kuiweka nyumba wakfu, Jumamosi mchana, nasi tukaalikwa. Nilivaa gauni zuri. Nakiri kwamba nilikwenda kusikia watu wakiisifu saa yangu. Sikwenda kwa ajili ya maombi.

Na waliisifu. Wauguzi, wahasibu, mchungaji, wote walisimama chini yake wakaikodolea macho. Nilikuwa nimeshika sahani ya pilau, hatua mbili kutoka kwa mzee, mgeni mmoja alipouliza, "Hii mmeitoa wapi?"

Nikajitayarisha, hata nikapangusa mdomo.

"Hiyo nilitoa Milan," mzee akasema. "Italy. Kuna designer fulani huko, hatengenezei kila mtu. Ilibidi nijulikane kwanza."

Halafu akageuza kichwa, akaniona, akanikonyeza.

Mpaka leo namdharau kwa mambo mengi, lakini zaidi ya yote ni kwa kule kukonyeza. Angeogopa, ningemwelewa. Yeye alinikonyeza kama mshirika wake, kana kwamba tumekubaliana na mimi napata faida. Nilingoja acheke, aseme, "Natania, fundi ni huyu hapa." Hakucheka. Mgeni alisema, "Waitaliano wanajua vitu," na wote wakatikisa vichwa vya watu wanaoijua Italia, ambao najua kwa hakika kwamba mbali walikowahi kufika mwaka huo ni Iowa, jimbo la jirani.

Nilijiambia kwamba si adabu kumwaibisha mtu nyumbani kwake siku ya maombi. Ukweli ni kwamba sura zile zilikuwa zimependeza kwa kusikia Italia, na niliona jinsi zitakavyonywea zikisikia Brooklyn Park. Sikutaka kuziona zikinywea. Nikamaliza pilau.

Njiani mume wangu alisema, "Mwache. Amekulipa, si amekulipa?"

"Amenilipa."

"Basi saa ni yake. Akitaka aseme imetoka mbinguni."



Wiki mbili na kitu baadaye ikaja ile Jumapili ya mwezi wa kumi na moja ambayo Marekani nzima hurudisha saa nyuma. Saa tatu asubuhi mzee akapiga simu.

"Clock yako imeharibika."

Nikaona kwamba ikiharibika ni yangu. "Haijaharibika, mzee. Saa zimerudishwa nyuma leo."

"Na hii mbona haijui?"

"Ulikataa wifi."

Nilisikia redio ya nyimbo za injili nyuma yake. "Niko na wageni wanakuja baada ya church. Watu wa maana. Siwezi kaa na clock inadanganya."

Ningependa sana kuandika hapa kwamba nilimwambia apige simu Milano. Nimelitamka jibu hilo mara nyingi tangu siku ile, nikiwa ndani ya gari, nikiwa naoga, nikiwa mbele ya mashine ya kuchemshia vyombo. Lakini siku yenyewe nilisema, "Tunakuja."

Wageni walifika kabla yetu. Walikuwa kama kumi, wamekaa kwenye makochi meupe na vikombe vya chai. Mzee alitupokea mlangoni akatupitisha katikati yao haraka, mkono wake mgongoni kwangu. "Huyu ni fundi," aliwaambia. "Anakuja ku-adjust kidogo." Mume wangu alipewa chai na sambusa, akakaa, akawa mgeni. Mimi nikapanda ngazi.

Tuliishusha, mimi na mke wa mzee, kwa sababu mume wangu alikuwa ameshaanza kula na mzee hakuwa mtu wa kushika vitu. Tukailaza kifudifudi juu ya zulia. Hapo nikakumbuka kitu ambacho sikuwa nimekifikiria njia nzima. Nyuma ya ubao, kwa penseli nene ya seremala, kwa herufi kubwa, nilikuwa nimeandika wakati wa kuitengeneza: HUKU JUU. Na karibu na waya mkuu: USIGUSE HAPA.

Kijana mmoja mhasibu, mwenye suti, alikuwa amekuja kuchungulia. Akasoma kwa sauti. "Huku juu." Akasoma tena. "Usiguse hapa." Akainua uso. "Mzee, Waitaliano siku hizi wanaandika Kiswahili?"

Nilikuwa nimepiga magoti, nina skrubu tatu midomoni.

Mzee hakubabaika hata kidogo, na hapo lazima nimpe sifa yake. "Si huyo fundi ndiye aliandika," akasema. "Wakati wa kutundika. Asikosee."

"Aah," wakasema watu.

Lakini kwenye kochi la pembeni alikuwepo mama mmoja Mkongo, mtu mzima, aliyekuja na familia yake kutoka kambi ya wakimbizi miaka mingi kabla. Mwaka uliopita nilikuwa nimemtengenezea saa ndogo, ya upana wa sinia, akaitundika juu ya televisheni. Sikuwa nimemwona amekaa pale. Sasa alisimama, akaja, akainama juu ya mbao zangu.

"Mais, hii iko sawa na ya kwangu!" akasema, akianza kwa Kifaransa cha kwao. "Ni huyu mama alinifanyia. Iko sawa kabisa, ni ukubwa tu."

Watu wakanigeukia. Mzee akacheka kicheko kikubwa chenye upole, akaniwekea mkono begani. "Eeh, sasa siri imetoka. Huyu mama ni mjanja. Aliona design ya Milan, akai-copy. Mnajua Watanzania, wanakaa kimya, lakini macho iko kazi."

Wakacheka wote. Walicheka vizuri, kwa kunipenda, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Ya kwangu nilipata mwaka jana," mama Mkongo akasema. Hakuwa akicheka. "Mbele ya hii nyumba kununuliwa."

"Milan walianza hizi kitambo," mzee akamjibu.

Mama yule aliniangalia. Ni kama alikuwa amenifungulia mlango na anaushikilia nipite. Nilitoa skrubu mdomoni moja baada ya nyingine, taratibu, nikaziweka kwenye kiganja. Ilipotoka ya tatu, kinywa kilikuwa tupu. Nikabonyeza kitufe, nikarudisha saa moja nyuma. Mama Mkongo akarudi kukaa. Tangu siku hiyo tukikutana dukani ananisalimu kama anavyomsalimu mtu wa kaunta.

Mke wa mzee alikuwa bado amepiga magoti upande wa pili wa saa, ameshika ukingo. Naye hakusema kitu. Nilimdharau kwa hilo, nikaona nina haki.

Kilichofuata sikukitegemea. Kabla sijaondoka, watu watatu walinivuta jikoni kwa zamu. Kila mmoja alitaka saa. Hawakutaka saa yangu, walitaka kopi ya saa ya Milano.

"Lakini ifanane na original," mama mmoja muuguzi alininong'oneza. "Usiweke vitu vyako."

Nilizitengeneza. Majira yote ya baridi, theluji ikiwa imefika kwenye vioo vya magari, mimi nilikaa kwenye meza yangu nikiiga kazi yangu. Neno lilisambaa Brooklyn Park kwamba kuna mama anaiga vitu vya Italia vizuri na hana maringo. Simu ziliingia nyingi kuliko miaka yote ya vibanda na limau ya barafu. Mteja mmoja aliipokea saa yake, akaitazama kwa makini, akasema si mbaya ila rangi ya jioni haijafikia ile ya Italia. Nikamwambia mikono ya wale watu ni mingine. Akaafiki kwa huzuni. Saa zote mbili zilitumia taa za boksi moja.

Mwingine aliomba pembeni paandikwe Milano. Ningeweza kukataa. Nikachukua kalamu ya moto nikamwandikia, herufi sita, kwa mwandiko mzuri wa kulalia upande. Saa hiyo ipo mpaka leo, mtaa wa tatu kutoka kwangu, na kila nikipita pale nikiwa naendesha naongeza mwendo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Nilikuwa nimezoea. Nilikuwa hata nimeanza kuwacheka, kimoyomoyo, kila nilipofunga boksi: mjinga mwingine huyo, nenda na Italia yako. Nilijiona mwerevu kati ya watu wasiojua wanachokinunua.

Majira ya kuchipua yaliyopita mzee akapiga simu tena. Walikuwa wanahamia Texas. Magoti yake hayaipendi baridi. Walikuwa wakiuza vitu vya nyumbani.

"Kuna mzungu anataka hiyo clock," akasema. "Iko na coffee shop kule Saint Paul. Lakini anataka karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Ya kuonyesha ilitoka wapi. Nani alitengeneza. Certificate. Si unaweza kuniandikia moja?"

"Niandike nini, mzee?"

Akashusha sauti, ingawa nadhani alikuwa peke yake. "Si unajua tu. Milan. Weka hata jina, lolote."

Nikasema sawa. Jumamosi asubuhi nikakaa mezani, nikachukua karatasi nzito, nikaandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba saa hii ilibuniwa na kutengenezwa kwa mkono Brooklyn Park, Minnesota, na mimi, kwamba umbo lake limetokana na vyombo vya kupanulia tumbo katika upasuaji, na kwamba haijawahi kukaribia Italia. Nikaweka jina langu kamili na sahihi. Nisidanganye kwamba dhamiri ilinisumbua. Nilitaka tu kuuona uso wa mzee yule. Nilitaka kuwa pale unapomdondoka.

Sebule ilikuwa nusu tupu, makochi yamekwisha chukuliwa. Saa ilikuwa bado ukutani, imefika kwenye manjano ya kukaribia adhuhuri. Mnunuzi alikuwa kijana mwenye ndevu, shati la drafti na viatu vizito vya mkulima ambavyo havijakanyaga shamba. Nikampa yeye karatasi kabla mzee hajaifikia.

Alisoma. Nikamtazama mzee. Mzee alikuwa akimtazama mnunuzi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikaona kofia ile ya gofu imekaa juu ya mtu mwenye hofu.

Kijana akainua uso, macho yanang'aa. "Brooklyn Park?" akasema. "Wewe ndiye uliyeitengeneza? Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Mimi niliambiwa ni ya Italia, nilikuwa bado nasita." Akamgeukia mzee, si kwa hasira. "Vitu vya Italia kila mtu anavyo. Mimi kwenye duka langu nataka vitu vya hapa tu. Maziwa ya hapa, mbao za hapa, wasanii wa hapa. Hii ni nzuri zaidi!" Akaisoma tena karatasi. "Na wewe unafanya kazi hospitali? Mungu wangu. Hii ni hadithi."

Akaanza kunipiga picha mimi badala ya saa. Hata mara moja hakuitazama ikisogea. Nikatambua kwamba huyu naye ana Italia yake, na safari hii Italia yenyewe ni mimi.

Mzee alihitaji sekunde tatu, labda nne. Kisha kofia ikanyooka. Akaja, akaniwekea mkono begani, palepale alipouweka siku ile ya sambusa, akamwambia yule kijana kwa Kiingereza chake kizuri cha mikutano:

"Me, I have always supported our local artists."

Na kijana akampa mkono kwa heshima kubwa.

Nilikuwa nimeutaka uso wake udondoke, na uso haukudondoka, kwa kuwa hauna mahali pa kudondokea. Nikaanza kazi yangu ya kuishusha saa. Mke wa mzee akaja kushika ukingo wa pili bila kuitwa, kama mara ile. Tuliifunga kwenye mablanketi, tukaipeleka kwenye gari la kijana, tukaisimamisha wima. Wanaume walibaki ndani wakiongea.

Nje palikuwa na jua na theluji chafu ya mwisho pembeni mwa njia. Alivua miwani akaifuta kwa kitambaa cha kichwa.

"Nitaikosa," akasema. "Kila siku nilikuwa nakaa hapo saa kumi kungoja ile rangi ya jioni iingie. Mzee hajui hata ikiingia. Kubonyeza ile button nilijifunza. Nilikuwa naishusha na msichana wa kazi, narekebisha mwenyewe."

Hapo nikakumbuka kwamba baada ya Jumapili ile hawakunipigia tena simu, ingawa muda ulibadilishwa mara kadhaa, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

"Ulijua imetengenezwa na mimi," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. "Toka siku ya kwanza ulijua. Ulikuwa unamsikia akisema Milan, na ukanyamaza. Kwa nini hukusema?"

Akaivaa miwani tena, akanitazama bila hasira yoyote.

"Mimi, yule ni mume wangu," akasema. "Na wewe je? Hiyo ilikuwa clock yako. Mbona wewe hukusema?"

Nilikuwa na majibu mengi kuhusu watu wengine. Kuhusu mimi sikuwa na hata moja. Alingoja kidogo, kwa adabu, kama alivyongoja rangi isogee siku ile ya kwanza kibandani, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitakia heri, akarudi ndani kufunga maboksi.

Wiki iliyofuata nilimpigia simu mama Mkongo. Nilimwambia nataka kuja kuangalia waya za saa yake, ni za zamani, nisije nikamchomea nyumba. Akasema saa yake iko sawa, haina shida. Nikasema nataka kuja hata hivyo. 

"Kuja basi," akasema. "Lakini kuja na ya kusema."

Nilikwenda. Nilisema. Alinisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono, halafu akaniambia kwamba siku ile alipata haya mbele ya watu, wakamwona mama wa kambi asiyejua kitu, na mimi nilikuwa nimepiga magoti palepale nikiwa na ukweli mdomoni pamoja na skrubu zangu. Alisema hivyo mara mbili ili nimsikie vizuri. Hakunisamehe siku hiyo, na sikuona kwa nini anisamehe. Alinipa chai, nikainywa, nikaondoka.

Saa bado natengeneza. Kopi nimeacha, na simu zimepungua sana. Juzi alikuja mtu mlangoni akauliza kama mimi ndiye yule mama wa vitu vya Italia. Nikamwambia si mimi, mama huyo hajawahi kuishi hapa.